Bastola ya Jeppestown: ikianguka itakuwaje?

Mpwa wangu ana duka la vipuri vya magari Jules Street, Jeppestown, kule Johannesburg. Juzi alitupigia simu huku Maskati: anataka kununua bastola. Simlaumu. Septemba 2019 maduka ya wageni yaliporwa na magari yakachomwa moto mtaa huohuo. Kaona moja iliyokwishatumika, bei yake rahisi. Mama yake kaanza kulia palepale. Mimi nikamwuliza suala moja tu: ikikuponyoka ikaanguka sakafuni, itafyatuka au haifyatuki? Akanyamaza.

Wengi wetu tunadhani bastola hailii mpaka mtu avute kifyatulio. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini ndani mna springi, na pini ya kugonga risasi, na kipande kidogo cha chuma kinachoizuia pini hiyo isiende mbele. Kipande hicho kikichongwa vibaya kiwandani, au kikilika kwa miaka, kishindo cha kuanguka kinatosha.

Si hadithi ya mbali. Kiwanda cha Vektor cha Afrika Kusini, chini ya shirika la serikali la Denel, kilitoa bastola ndogo iitwayo CP1, nyepesi, ya kufichwa chini ya shati. Mwaka 2000 ikatangazwa kuwa ikigongwa au ikianguka na risasi ndani huweza kufyatuka yenyewe. Wenye nazo wakaambiwa wasizitie risasi kabisa, wazirudishe.

Na majina makubwa pia. Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer, P320. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuzirekebisha bure zile za raia, kwa sababu zikitua kwa kisogo, kwa pembe fulani, zilikuwa zikifyatuka. Na zilikuwa zimepita majaribio ya kawaida! Pembe ile tu ndiyo haikujaribiwa. Taurus ya Brazil nayo, mwaka 2015, ilikubali suluhu ya kesi huko Marekani iliyohusu bastola karibu milioni moja.

Jeppestown yenyewe imewahi kuwa na kiwanda cha bastola, Republic Arms, kilichotoa RAP 401. Siisemi vibaya. Ila bastola ya kiwanda kidogo ikishazeeka, springi yake utaipata wapi? Fundi atachonga ya kubahatisha, na hapo ndipo ninapoogopa mimi.

Sheria ya kule, ya mwaka 2000, ni kali: lazima uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu, umetimiza miaka 21, una cheti cha kujua kutumia silaha, na sefu ya kuitia. Leseni ya kujilinda ni ya miaka 5. Lakini hayo yote yanamkagua mnunuzi zaidi kuliko chuma chenyewe.

Basi nikamwambia: andika namba iliyochongwa ubavuni, uulize kwa mwenye kiwanda kama aina hiyo imewahi kuitwa irudi. Mpe fundi mwenye leseni aifungue aitazame ile pini na kizuizi chake. Tena muulize muuzaji kwa nini anaiuza.

Jana kapiga tena. Muuzaji, anasema, hilo la mwisho hakulipenda, na bei kaipunguza.