KIDIMBWI KISICHOKAUKA



Mwezi wa Septemba ukifika kwenye makorongo ya Mkoa wa Singida, unakuta mchanga mtupu. Mto Ndurumo kule Mkalama huwa hivyo. Mto Kizigo kule Manyoni huwa hivyo pia. Lakini ukifuata korongo, hapa na pale unakuta kidimbwi. Kimoja hukauka mwezi wa Juni. Kingine bado kina maji mvua za Novemba zinapokaribia. Vyote vilijazwa na mafuriko yale yale. Kwa nini basi kimoja hufa na kingine huishi?

Watu husema kinachoishi ni kirefu zaidi. Haya, tupige hesabu. Wakati wa kiangazi jua na upepo huchukua maji unene wa milimita 5 hadi 7 kila siku. Kwa miezi 5 hiyo ni karibu mita moja. Bado hujahesabu ng'ombe, mbuzi na ndoo za akina mama. Kidimbwi cha maji ya kiunoni hakiwezi kuvuka kiangazi kwa akiba yake peke yake. Kikivuka, fahamu kwamba kinalishwa.

Kinalishwa na maji ya ardhini. Mto unapojaa, maji mengine huenda zake, mengine huzama mchangani na kwenye kingo. Chini yake mara nyingi kuna mwamba. Maji hayaupenyi upesi. Husogea polepole ndani ya mchanga kufuata mteremko. Mahali mwamba unapoinuka, maji nayo hupanda, na kidimbwi huonekana. Kile kinachokauka Juni kimekalia udongo wa mfinyanzi, juu ya mchanga ambao hauna maji. Hakuna wa kukiongezea.

Je, mchanga unaweza kuweka maji mengi? Jaza debe la lita 20 kwa mchanga mkavu wa mtoni, ule wa chembe kubwa. Kisha mimina maji polepole. Utaona debe lililojaa linapokea lita 5 au zaidi. Na maji yakiwa chini ya mchanga kiasi cha mkono mmoja, jua haliyapati kwa urahisi. Tembo wanajua hayo. Kule Ruaha huchimba mchangani kwa miguu na mikonga, wakanywa.

Sasa pima kidimbwi cha kijiji chako. Simika mti wenye alama ndani ya maji. Weka karai la maji kando yake, mahali mifugo haifiki. Pima vyote viwili kila asubuhi kwa wiki moja. Maji ya kidimbwi yakishuka pole sana kuliko ya karai, ingawa watu wanachota, huenda kidimbwi kinalishwa. Yakishuka upesi sana bila kuchotwa sana, yanavuja kwenda chini.

Angalia jambo hili. Maji ya mchangani yakishuka kuliko kidimbwi, mambo hugeuka. Mchanga huanza kukinyonya kidimbwi. Hayo hutokea malori yanapobeba mchanga wa kujengea, au pampu ya injini inapovuta maji ukingoni usiku na mchana. Mtu wa bustani ana haki yake, lakini apate kwanza kibali cha bodi ya maji ya bonde lake.

Wala usitegemee kwamba kila masika yatarudisha maji yaliyovutwa. Huko Makutapora, Dodoma, vipimo vya miaka 55 vilionyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Wenzetu wa Kitui, Kenya, wamejenga kuta za mawe na saruji kukatiza makorongo, ili mchanga ujikusanye na kutunza maji.

Ninyi mnaweza kuanza kwa kikao cha kijiji, kuamua mchanga usichotwe karibu na kidimbwi. Maji ya kunywa chimbeni mchangani, upande wa juu, mbali na mifugo. Zungushieni miiba. Yachemsheni.