Sanidi, Unda, Sakinisha: Maelekezo ya Programu Yako Wapi?

Intaneti ni adimu katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale. Hata hivyo, mwalimu aliyeletewa programu ya Linux katika flashi hahitaji mtandao ili ajue namna ya kuisakinisha. Ni desturi ya mifumo iliyo jamii ya Unix, ambayo ilianza mwaka 1969, kwamba programu husafiri pamoja na maelezo yake.

Ikiwa imeletwa kama msimbo asilia, ndani ya furushi lake kwa kawaida mna faili mbili: README, yaani "nisome", na INSTALL, yaani "sakinisha". Ikishasakinishwa, maelezo mengine hupatikana katika saraka /usr/share/doc, au kwa amri man ikifuatwa na jina lake.

Tatizo ni lugha. Shule za Kongo hufundisha zaidi kwa Kifaransa, ilhali INSTALL mara nyingi hutaja amri tatu za Kiingereza: configure, make, make install. Ya kwanza ni kusanidi: kukagua kama kompyuta ina vinavyohitajika. Ya pili ni kuunda programu kutokana na msimbo. Ya tatu ni kusakinisha, neno litokanalo na sakini, kukaa mahali: programu hupewa makao. Asemaye "kuweka" kwa zote tatu huvuruga utaratibu, na kazi hukwama.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba Kiswahili chazimudu istilahi za kompyuta. Hapana budi, basi, mwalimu aandike tafsiri ya hatua hizo tatu, aisambaze pamoja na programu yenyewe.