Mechi ya amikali kati ya wapinzani: inasaidia wakati gani?

Kila tukikaa kuzungumza juu ya amani ya kwetu, hakukosi mutu wa kusema: "Hawa wakubwa wa siasa wa Masisi na Walikale wacheze mupira pamoja, mambo yatapoa." Wengine wanacheka. Mimi sicheki, lakini naona tunaisema haraka mno. Mechi inaweza kusaidia, na inaweza pia kuharibu. Yote inategemea vile imepangwa.

Tuanze kwa jirani. Tanzania, wabunge wamezoea kucheza mechi ya Simba na Yanga, wameshaicheza hata kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Ukiangalia juujuu utaona wazee wenye vitambi wanafukuza mupira, basi. Angalia timu zenyewe. Wakati CHADEMA ilikuwa na wabunge, mbunge wa CCM aliyependa Yanga alivaa jezi moja na wa CHADEMA aliyependa Yanga, halafu watu wawili wa CCM walikabana miguu. Ule mstari wa chama ulifutwa kwa muda, ukachorwa mwingine usioua mutu. Wangepanga CCM huku na CHADEMA kule, kila goli lingehesabiwa kama kura, na mwamuzi angetolewa uwanjani na polisi.

Sasa leta hiyo kwetu. Tusidanganyane: kwetu siasa inahesabiwa kwa kabila. Hunde, Hutu, Tutsi, Nyanga, Tembo, Kano, Kumu, kila mgombea anajua kijiji chake na kijiji kisicho chake. Ukipanga timu ya kabila hili na timu ya kabila lile, au hata Masisi kwa Walikale, umebeba ugomvi na kuupeleka uwanjani, umeongeza filimbi tu. Lakini watu haohao wako na mistari mingine. Kwanza niliwaza Mazembe na Vita Club. Ila Mazembe iko na mwenyewe, Moïse Katumbi, na aligombea urais 2023. Jezi hiyo itanuka kampeni. Afadhali Barcelona na Real Madrid. Depite Muhunde na depite Muhutu wavae Barça pamoja. Mmoja akikosa penalti, mwenzake atamlaumu ju ya mguu wake.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalioni, na kwangu ndilo kubwa kuliko dakika 90 zenyewe. Timu moja haichezi peke yake. Kabla ya kugusa mupira, lazima mkubaliane: uwanja gani, nani ashike filimbi, barabara ipi iko wazi, nani analinda, nani analala wapi usiku. Kwa watu ambao hawapigiani simu, hayo tayari ni mazungumzo ya amani, na hakuna aliyeyaita hivyo. Ndiyo maana nafikiri uwanja ni ndugu ya soko. Soko ni mahali unamuhitaji hata yule usiyempenda, ju yeye ndiye ananunua maharagwe yako. Wazee wanakumbuka vita ya 1993 iliwakia wapi: sokoni Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu, kisha ikapanda Masisi.

Mtu atasema: mbona Pinga walipatana bila mupira? Kweli. Mei 2022, makundi yenye silaha yaliyopigana miaka mingi, NDC-R na APCLS wakiwemo, walikutana Pinga siku mbili wakaahidi kutoshambuliana. Lakini kilichowaleta pamoja ilikuwa M23. Adui wa pamoja anapatanisha haraka, ila upatano huo unaishi kwa muda anaoishi adui. Mechi inawapa watu sababu ya kukutana bila kutafuta wa tatu wa kumchukia.

Mfano ambao kila mutu anautaja ni Côte d'Ivoire. Mwaka 2005 Didier Drogba alipiga magoti mbele ya kamera akiomba silaha ziwekwe chini. Tarehe 3 Juni 2007 timu ya taifa ikacheza na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi, ikashinda 5-0. Wanaosimulia wanaruka sehemu ya katikati: mkataba wa Ouagadougou ulikuwa umetiwa sahihi Machi 2007, miezi mitatu mbele ya mechi. Mpira uliwaonyesha watu karatasi ambayo wangeisikia redioni tu. Na baada ya uchaguzi wa 2010 vita ikarudi, watu karibu 3,000 wakafa. Swali la nani ni raia na nani apige kura lilikuwa bado linangoja. Kwetu yanangoja ya mashamba, ya nani mwenyeji, ya koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie. Tena kura yenyewe: Desemba 2023 Masisi haikupiga, ju ya vita.

Kwa hiyo kama kamati italeta mpango wa mechi, mimi nitauliza vitu vichache. Timu zimechanganywa kwa jina, au kwa maneno? Jezi haina picha ya mgombea? Itachezwa Kinshasa, ambako wakubwa hawa wanakula meza moja kila juma bila shida, ao itafika Nyabiondo na Pinga, vijana wawaone kwa macho? Na mechi ya kurudi iko lini, kwenye uwanja wa nani?