Vidole Vinapouma: Upasuaji wa Kunyamazisha Maumivu

Mwanamke wa Mithali 31 anasifiwa kwa kazi ya mikono yake. Je, tufanyeje mikono hiyo inaposhindwa kukamua nguo au kushika sindano?

Akina mama wengi, hasa baada ya kukoma hedhi, huota vinundu vigumu kwenye vifundo vya vidole. Wengine hudhani wamerogwa. Sivyo. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limelika. William Heberden, daktari wa Uingereza wa karne ya 18, alivieleza vinundu vilivyo karibu na kucha, na hadi leo madaktari huviita kwa jina lake.

Tuanze na tiba nyepesi: maji ya vuguvugu, mazoezi ya vidole na dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu. Hizi zikishindwa, daktari mpasuaji anaweza kukifunga kifundo kisikunjike tena, au kuweka kifundo bandia.

Lakini ipo njia nyingine: kukata matawi membamba ya mishipa ya fahamu yanayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Albrecht Wilhelm, daktari wa Ujerumani, aliandika juu ya upasuaji wa namna hii mwaka 1966. Mara nyingi sindano ya ganzi mkononi inatosha, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kano zinazokunja kidole haziguswi, hivyo kidole huendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, tusidanganyike. Upasuaji huu hauponyi gegedu. Vinundu hubaki, na kidole kilichopinda hubaki kimepinda. Kwa wengine maumivu hupungua tu, au hurudi baadaye. Wengine hubaki na ganzi kwenye ngozi. Tena, si kila daktari mpasuaji anaujua. Mama, muulize: Je, umeshaufanya? Kifundo changu kinafaa? Nisipopona, kitafuata nini?

Vifundo vikivimba na kuwa na moto, na mikono ikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, huenda ni ugonjwa mwingine unaohitaji dawa mapema. Usichelewe kupimwa.

Kubeba msalaba si kukataa tiba. Nanyi akina baba na watoto, kidole kimoja hakivunji chawa: kamueni nguo, tekeni maji, mama apumzishe mikono.