Kiwanda cha Kwinini Ng'ambo ya Rusizi

Ukitoka Kamembe, Rwanda, ukavuka daraja la Rusizi, unaingia Bukavu, mji wa Kongo wenye kitu ambacho miji mingi mikubwa zaidi haina: kiwanda cha dawa kinachopanda malighafi yake chenyewe. Kiwanda hicho, Pharmakina, kina mashamba ya mikwinini katika vilima vya Kivu. Mti hutunzwa kwa miaka, kisha gome huchunwa, hukaushwa, husagwa na kuchanganywa na chokaa, hadi ipatikane ile dawa chungu ya malaria. Kwa miongo kadhaa mali hiyo ilikuwa ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani. Mwaka 1997 Roche ya Uswisi ilikubali kuinunua Boehringer kwa takriban dola bilioni 11, ikivutiwa zaidi na biashara yake ya vipimo vya maabara. Katika hesabu za ukubwa huo, magome ya Kivu iliyokuwa vitani yangepata uzito gani? Mwaka 1999 kiwanda kilinunuliwa na mameneja wake wawili, na kazi ikaendelea. Kampuni ya kimataifa haibaki mahali kwa kuwa wagonjwa wapo. Hubaki pale faida inaporuhusu. Ndiyo maana dawa inayotengenezwa jirani ina thamani isiyoonekana kwenye bei yake.

Wapo watakaosema kwinini imepitwa na wakati. Ni kweli, tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesunate kwa malaria kali, kwa sababu huokoa watu wengi zaidi, na sitetei kurudi nyuma. Lakini mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda kwenyewe wamepata vimelea vyenye badiliko la jeni linaloashiria usugu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa ambalo artesunate imo. Dawa kuu ikianza kuyumba, ya akiba haitupwi. Wengine watakumbusha kwamba kampuni ya Novartis ilikubali mwaka 2001 kuziuzia nchi maskini dawa yake ya malaria, Coartem, bila faida. Ni jambo jema sana, ila bei ya hisani husimama kwa fedha za wafadhili. Na dawa ya mbali husubiriwa: Rwanda yenyewe iliarifu Shirika la Biashara Duniani mwaka 2007 kuwa inahitaji dawa za UKIMWI kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada. Shehena ya kwanza iliondoka 2008. Pharmakina, kiwanda kidogo tu, ilikuwa imeanza kutengeneza dawa za UKIMWI Bukavu mwaka 2005.

Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Yeyote mwenye amri, kwenye ukingo wowote wa mto huu, ayalinde mashamba hayo na aache dawa zipite.