Zana za Mkononi, Sehemu ya 2: Kisu cha Kukunja cha Bei Nafuu

Kisu cha kukunja ni kisu ambacho bapa lake huingia ndani ya mpini kazi inapokwisha, kwa hiyo hubebwa mfukoni bila ala. Ubora wake umo katika mambo matatu: chuma cha bapa, kiungo ambacho bapa huzungukia, na kizuizi kinachofanya bapa lisijifunge juu ya vidole. Rangi, nakshi, kitochi na kifungua chupa ni nyongeza tu. Mtengenezaji wa kisu cha bei ndogo ana fedha chache za kugawa, na kila senti anayoitia kwenye nyongeza ameipunguza kwenye chuma au kwenye kiungo. Ndiyo maana visu vya bei nafuu vinavyosifiwa zaidi na watu wa kazi ni vya muundo sahili, tena wa zamani.

Jambo la kwanza ni chuma, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni. Kaboni ikiwa kidogo, asilimia 0.3 hivi, bapa hubaki laini na makali yake hulala upande baada ya kazi ndogo tu. Ikifika asilimia 0.5 na kuendelea, makali hudumu. Kromiamu nayo ina kazi yake: ikizidi takriban asilimia 10.5, bapa halishiki kutu kwa urahisi. Neno "stainless" lililochorwa kwenye bapa linaeleza habari ya kutu peke yake. Halisemi lolote juu ya ugumu, na visu vingi vyenye neno hilo tu ni vya chuma laini mno.

Visu vingi vya bei nafuu hutoka China, na msomaji anaweza kujifunza kusoma alama zake. Katika jina 3Cr13, tarakimu ya mwanzo inaonyesha kaboni ya asilimia 0.3 hivi, na ile 13 ni kromiamu. 8Cr13MoV ina kaboni ya asilimia 0.8 hivi kwa kromiamu ileile. Visu viwili vinaweza kulala meza moja, vikafanana sura na kukaribiana bei, lakini chenye 8 mwanzoni kikabaki na makali muda mrefu zaidi kuliko chenye 3. Namba 440 ikiandikwa peke yake haitoshi, kwa kuwa chuma hicho kina aina za A, B na C, nazo hazilingani kwa kaboni.

Hata hivyo mchanganyiko ni nusu ya habari. Bapa lazima lichomwe hadi liive wekundu, lizimwe ghafla, kisha lipashwe tena kwa moto mdogo ili lisiwe la kukatika. Mhunzi yeyote anajua kwamba chuma kizuri kilichochomwa vibaya hugeuka chuma kibaya. Jicho la mnunuzi haliwezi kuiona kazi hiyo, na hii ndiyo sababu ya kweli ya kuthamini jina la kiwanda. Victorinox, kiwanda kilichoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, hulenga ugumu wa takriban 56 katika kipimo cha Rockwell. Si ugumu mkubwa. Makali yake huchoka mapema kuliko ya visu vya gharama, lakini hurudi upesi juu ya kinoo cha kawaida, na kwa mtu asiye na mawe ya bei kubwa hiyo ni faida.

Chuma cha kaboni kisicho na kromiamu hunoleka vizuri kuliko vyote, lakini kinataka uangalizi. Kikikata embe bichi au limau, bapa hubadilika rangi likawa la kijivujivu. Rangi hiyo si kasoro. Ni ngozi nyembamba inayopunguza kasi ya kutu nyekundu. Mkulima wa bara anaweza kukitumia miaka mingi kwa kukipangusa na kukipaka tone la mafuta ya kula. Lakini Mombasa, Unguja au Kilwa, kwenye upepo wa chumvi na kazi ya samaki, kinachofaa ni kisichoshika kutu.

Umbo la bapa halitajwi sana madukani, ingawa ndilo linaloamua kisu kitakavyokata. Visu vingi vinavyoigiza vya kijeshi vina bapa la unene wa milimita 3 hadi 4. Bapa la namna hiyo likiingia kwenye muhogo au karoti hupasua badala ya kukata, hata likiwa kali. Bapa jembamba, la chini ya milimita 2, hupita lenyewe. Kwa kumenya, kukata kamba na kufungua magunia, jembamba hushinda daima. Nene lina maana kwa mtu anayebanjua vitu, na hiyo si kazi ya kisu.

Kwa kiungo na kizuizi, mifano mitatu ya zamani inatosha kuonyesha njia. Wa kwanza ni Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu miaka ya 1980 hutengenezwa Afrika Kusini. Bapa lake ni la chuma cha kaboni. Mgongoni kuna springi yenye tundu linalodaka meno ya bapa, nalo hufungwa kwa kuvuta pete ndogo. Mlio wake wa kukereza hausahauliki. Ni kigumu, hakina mapambo ya gharama, na kiungo chake mara nyingi huwa na ulegevu kidogo tangu kikiwa kipya.

Wa pili ni Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Kina vipande vitano tu: bapa, mpini wa mti, ribiti moja na pete mbili. Pete ya nje, iliyoongezwa mwaka 1955, huzungushwa kwa kidole na kulikaza bapa lisirudi. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo ya kadiri kwa kazi za kila siku, na hupatikana kwa chuma cha kaboni au kisichoshika kutu. Udhaifu wake ni mti: ukilowa huvimba na kulibana bapa hata lisifunguke. Dawa ni kuukausha kivulini, kisha kuunywesha mafuta.

Wa tatu ni kisu kidogo cha Victorinox. Aina nyingi hazina komeo. Springi ya mgongo hulishikilia bapa kwa nguvu yake tu, kwa hiyo hazifai kudungia wala kusukumia kwa ncha. Kwa mkazi wa Uingereza ukosefu huo wa komeo una faida, kwani sheria ya huko huruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye bapa lisilozidi inchi 3. Katika safari ya ndege, lililo salama ni kukiweka kisu katika mzigo wa chini ya ndege, si mkononi.

Dukani, kisu kifunguliwe na kuelekezwa kwenye mwanga, makali yakitazama juu. Mahali panapong'aa kama uzi mweupe makali hayajakamilika. Bapa lishikwe kwa vidole na kutikiswa kushoto na kulia; likicheza kingali kipya, halitatulia baadaye, isipokuwa kiungo kiwe cha skrubu inayoweza kukazwa. Komeo lijaribiwe kwa kugonga mgongo wa bapa taratibu kwenye kipande cha ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Likiachia, kisu kirudishwe mezani hata kama muuzaji anapunguza bei.

Kwa bara na kazi za shamba, Opinel ya kaboni namba 8 au Okapi inatosha. Kwa pwani, Opinel isiyoshika kutu ndiyo ya kwanza kutafutwa, na pale isipopatikana, kisu cha Kichina chenye alama ya 8Cr13MoV kilichofaulu majaribio ya dukani. Sehemu ya 3 itaeleza kinoo na namna ya kurudisha makali.