Unauza vifaranga vya samaki mtandaoni? Ijue mbegu yako kabla hujaposti

Ukienda soko la Lyulilo kununua chungu, unakigonga kwa kidole, sauti inakuambia kama kina ufa. Kifaranga cha samaki hakina kipimo hicho. Perege wadogo wanafanana wote, na mteja wako wa WhatsApp anaona picha tu. Anachonunua ni neno lako.

Sasa angalia posti nyingi: "Sato mbegu bora, wanakua haraka." Mbegu bora ipi?

Mbegu ya sato iliyoboreshwa na kujulikana zaidi duniani ni GIFT. Kazi ilianza Ufilipino mwaka 1988, kwa kuchanganya sato wa kufugwa wa Asia na sato wa asili kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Kila kizazi walichagua wanaokua haraka, wakawazalisha hao. Ni kama mfugaji anavyochagua jogoo wa mbegu, ila kwa kumbukumbu za koo. Kwa hiyo mteja akikuuliza, "Hawa si wale wa kubadilishwa vinasaba maabara?" mjibu: GIFT ni kuchagua na kuzalisha, basi.

Halafu kuna "madume tupu". Dume la sato hukua haraka kuliko jike, na bwawa halijai watoto. Mara nyingi wanapatikana kwa chakula chenye homoni siku za mwanzo. Hiyo si mbegu, ni matunzo. Usiviuze vitu hivi viwili kwa jina moja.

Kwa sisi wa Kyela kuna jambo zito zaidi. Sato si samaki wa asili wa Ziwa Nyasa. Ziwa lina perege wake, chambo. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo wa TAFIRI, walichapisha kwamba sato wa kuletwa wameshaota mizizi kwenye maji yanayoelekea Ziwa Nyasa upande wa Tanzania. Sehemu nyingine za nchi, vipimo vya vinasaba vimekuta sato wakizaana na perege wa asili na kutoa machotara. Chotara hao nao wanazaa. Ukishachanganya, huwezi kuchambua tena kama mchele na mawe.

Na Kyela tunajua mafuriko. Mto ukifurika, bwawa la mteja wako linaingia mtoni, mto unaingia ziwani. Anayevua chambo pale Lyulilo ndiye atakayelipa.

Kabla hujaposti, fanya haya:

1. Muulize mzalishaji: ni aina gani, wazazi walitoka wapi, na huwabadilisha lini? Ndugu wakizaana vizazi vingi, ukuaji unashuka.
2. Andika kwenye posti: aina, umri, uzito, madume tupu au mchanganyiko. Kama hujui, usiandike "GIFT".
3. Muulize mteja bwawa liko wapi. Kama ni bonde la Ziwa Nyasa, aanzie kwa ofisa uvuvi wa wilaya kabla hujapokea pesa.
4. Tunza jina la mzalishaji na tarehe ya kila mzigo. Mteja akilalamika baada ya miezi sita, una pa kuanzia.

Posti ya namna hii inaweza kukupunguzia wateja wawili leo. Ila mfugaji akivuna alichoahidiwa, msimu ujao anarudi na jirani yake.

Unauza vifaranga? Tuambie hapo chini: huwa unamuuliza nini mzalishaji wako?